Watoto wa elfu mbili wameingia ofisini: ofisi ya kifamilia, ya kanuni au ya matokeo?

Mwezi wa tatu, asubuhi, mzee mmoja wa Ng'ong'ona aliingia ofisini kwetu Area D, Dodoma, amebeba nondo yenye bonge la zege kichwani. Akaiweka juu ya daftari la wageni. "Hii ni yenu?" Ilikuwa yetu. Nyingine 23 zilikuwa bado zimesimama katikati ya karanga zake.

Sisi ni ofisi ya upimaji ardhi, watu 11. Kijana aliyezipanda zile bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, alikuwa na miezi minne kazini. Mchoro wa mteja ulikuwa kwenye mfumo wa vipimo vya ramani wa Arc 1960, yeye mashine kaiacha kwenye mwingine, WGS 84, na kwa huku kwetu mifumo hiyo inapishana karibu mita 300. Mita 300 Ng'ong'ona ni shamba la mtu mwingine kabisa.

Mzee alipokuwa anakunywa maji, tulijifungia chumba cha ndani watu watatu. Mwenzangu niliyeanzisha naye ofisi akasema, "Huyu ni mtoto wetu, tulibebe kosa lake." Mhasibu akasema, "Aandike maelezo, yaingie kwenye faili." Mimi nikasema, "Akang'oe, apime upya, kazi iendelee." Hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Ila kila mmoja alikuwa na ofisi yake kichwani, na miaka yote hiyo hatukuwahi kukaa tukachagua moja.

Naandika kwa walio kama sisi. Tangu serikali ianze kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, mji umejaa ofisi ndogo zinazoishi kwa kazi za wizara na za watu wanaojenga: wapimaji, wahasibu, wachapaji, wachora ramani, watengeneza programu. Vijana wa kuwaajiri tunao mlangoni, kutoka vyuo vya mjini hapa: UDOM, Mipango, CBE na St. John's. Shida ni kwamba wengi wetu tulilelewa kazini kwa njia moja, na hawa watoto wa elfu mbili hawaielewi. Wanauliza "kwa nini" pale sisi tuliposema "ndiyo, mkuu".

Ofisi tatu, na nilichopimia

Ofisi ya kifamilia ni ile ambayo bosi ni mzazi. Anajua kwenu, anajua unaumwa nini, na chakula cha mchana mnakula sahani moja. Ofisi ya kanuni ni ile ambayo karatasi ndiyo inayosema: kuna fomu, kuna ngazi, kuna faili. Ofisi ya matokeo haikuulizi uko wapi wala umeingia saa ngapi, mradi kazi ifike kwa siku iliyokubaliwa. Nimefanya kazi katika zote tatu, kwa hiyo kila moja nina la kuisifia na la kuilalamikia.

Nimezipima kwa mambo matano: siku ya kosa, saa na ruhusa, pesa, msiba na ugonjwa, na nafasi ya kukua. Sare za Ijumaa, keki ya siku ya kuzaliwa na rangi ya kuta sikuziweka. Si mbaya, lakini nimeona ofisi yenye keki kila mwezi ambayo haijapeleka michango ya NSSF mwaka mzima.

Jambo moja kabla sijaendelea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haijali umechagua ofisi ipi. Likizo ya siku 28 kwa mwaka ni ya wote, iwe bosi unamwita mama au unamwita kwa jina.

Siku ya kosa

Hapa ndipo ofisi zinapotofautiana zaidi, na hapa ndipo nitakaa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye duka la uchapaji la familia. Wiki ya sita nilichapa kadi 400 za harusi zenye tarehe isiyo sahihi. Mama mwenye duka hakunikata hata senti. Alinunua karatasi upya, tukakesha naye tukichapa, akanipikia chai. Ningeishia hapo ungesema ofisi ya kifamilia haina mpinzani. Lakini kwa miaka miwili iliyofuata kila mgeni aliyeingia alisimuliwa ile harusi, na nilipoomba nyongeza ya mshahara jibu lilikuwa, "Zile kadi umeshazisahau?" Ofisi ya kifamilia inasamehe haraka na haisahau kabisa. Kosa linageuka deni ambalo halina kiasi, na deni lisilo na kiasi halimaliziki kulipwa.

Ofisi ya kanuni nayo inakutisha kwanza. Unapewa barua ya kutakiwa kujieleza, ina muhuri, ina kumbukumbu namba, na kwa kijana ambaye barua pekee ya namna hiyo aliyowahi kupokea ni ya kujiunga na chuo, anaona amefukuzwa. Nimemwona mmoja akifungasha vitu vyake kwenye begi kabla hajafika aya ya pili. Uzuri wake ni kwamba jambo lina mwisho. Unajieleza, unaonywa, linafungwa, na mpwa wa mkurugenzi anapitia njia hiyohiyo (walau kwenye karatasi). Ubaya ni kwamba watu wakishajua kila kosa linaingia kwenye faili, wanaanza kuyaficha madogo mpaka yanakuwa makubwa.

Ofisi ya matokeo haina hotuba. Umekosea, rekebisha. Vijana wengi wanaipenda kwa hilo, na mimi pia. Swali linakuja kwenye gharama: nani ananunua saruji na nondo upya? Ofisi nyingi za aina hii zinakata juu kwa juu kwenye malipo ya kijana bila hata kumwambia hesabu imefikiwaje. Hilo sheria imelikataza. Makato ya hasara yanataka maelezo ya maandishi ya sababu na kiasi, mtu apewe nafasi ya kupinga, na jumla isizidi robo ya mshahara wake wa fedha.

Kuhusu kijana wetu, tulichanganya. Aliandika nusu ukurasa kueleza kilichotokea, bila lugha ya "napenda kuomba radhi". Ofisi ikamlipa mzee karanga zilizokanyagwa. Kijana akaenda na wenzake kung'oa na kupanda upya, siku za kazi, kwa mshahara wake wa kawaida. Pale mhasibu aliponikumbusha kwamba mwenye chini ya miezi 6 kazini sheria haimpi ule ulinzi wa kutoachishwa isivyo haki, nilielewa alichokuwa anamaanisha: tungeweza kumwondoa siku ileile, na asingekuwa na pa kwenda kulalamikia hilo. Nadhani hata kijana alilijua. Alikuwa anatutazama mikono.

Saa na ruhusa

Kisheria ni saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Ofisi ya kifamilia haihesabu, kwa faida na kwa hasara. Unasema "mama, nampeleka mtoto kliniki" na umeshatoka. Jumapili saa nane mchana nayo inakuja simu, "Njoo mwanangu tumalizie kidogo," na huwezi kumtolea nje mtu aliyekuruhusu Jumanne. Mwezi wa sita, ofisi za serikali zinapokimbizana kufunga mwaka wa fedha tarehe 30, sisi tunaowahudumia hatulali, na katika ofisi ya kifamilia hakuna anayetamka neno "saa za ziada". Lingesikika kama tusi.

Katika ofisi ya umma niliyowahi kufanyia kazi, daftari la mahudhurio lilipigwa mstari mwekundu saa 1:30 asubuhi. Uliyesaini chini ya mstari una maelezo ya kutoa, hata kama daladala iliharibika. Nililichukia lile daftari. Lakini saa 9:30 alasiri nilikuwa mtu huru, simu yangu haikuita, na nilisoma stashahada yangu ya pili jioni kwa sababu ya mstari uleule.

Uhuru wa ofisi ya matokeo unategemea nyumba uliyonayo. Mwenye nyumba yake Iyumbu, umeme na meza, anafurahia. Kijana wa chumba kimoja Nkuhungu, jirani anapiga redio na mwenye nyumba anauliza mbona umeme unaisha haraka, kwake "fanyia kazi nyumbani" ni adhabu. Na bando ananunua nani? Ukiamua njia hii, lipia bando na uache meza moja ofisini kwa anayetaka kuja. Pia weka saa ya kunyamaza kwenye grupu la WhatsApp, kwa sababu kazi isiyo na saa ya kuingia huwa haina ya kutoka.

Pesa

Mei Mosi ya 2025, pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Sekta binafsi ina viwango vyake, lakini tangu siku ile kila kijana ana namba kichwani. Anajua pia kwamba akianza kazi, kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Usimwambie mshahara ghafi ukanyamaza, mpigie hesabu mpaka kile kitakachofika mkononi.

Kifamilia, mshahara mara nyingi unakuja kwa vipande: "shika hii elfu hamsini kwanza." Mwezi mbaya bosi anakosa kabisa ili ninyi mpate, nimeliona kwa macho yangu. Vilevile ndizo ofisi zinazopenda kijana "ajitolee" miezi sita kwa nauli, na zinazoona NSSF ni jambo la makampuni makubwa. Ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anabeba angalau nusu yake. Kutopeleka ni kumkopa kijana bila yeye kujua. Kwa upande mwingine, hakuna ofisi nyingine itakayokupa mkopo wa kodi ya chumba saa tatu usiku bila kujaza fomu.

Ya kanuni ni karatasi ya mshahara kila mwezi, makato yote yameandikwa, na ukitaka nyongeza subiri daraja. Ya matokeo inaweza kumlipa kijana mzuri kuliko zote mbili. Bunge la bajeti likianza mwezi wa nne kazi zinamiminika, na kuna miezi mingine simu haiiti. Anayelipwa kwa kazi anahitaji kiwango cha chini cha kila mwezi, hata kama ni kidogo, ili asihamishwe chumba.

Msiba na ugonjwa

Sheria inatoa siku 4 zenye malipo ndani ya miezi 36, kwa mtoto kuumwa au kufariki, au kufiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Soma tena orodha hiyo. Baba mdogo hayumo, mjomba hayumo. Mwaka juzi kijana wetu mmoja alifiwa na mama mkubwa Kondoa, ndiye aliyemlea toka darasa la pili. Kwa kanuni tupu angeambiwa atumie likizo yake. Ofisi ya kifamilia ingefunga mlango, ikajaza gari na rambirambi, wote wakaenda. Kwenye hili sina ubishi: hakuna inayoifikia.

Ila hiyohiyo ndiyo inayovuka mpaka kwenye ugonjwa. Watoto wa elfu mbili wana neno sisi hatukuwa nalo, wanasema "siko sawa", wakimaanisha kichwa na moyo, siyo malaria. Bosi mmoja ninayemfahamu alipoambiwa hivyo na binti aliyemwajiri, alimpigia simu mama yake Manyoni. Kwa nia njema kabisa. Kesho yake ukoo mzima ulikuwa unajua, na binti hakurudi kazini. Afisa utumishi wa ofisi ya kanuni angepokea cheti cha daktari, akakifungia kabatini, akahesabu siku: 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, ndani ya miezi 36. Baridi, ndiyo. Lakini siri ingebaki siri.

Ya matokeo inasema "chukua muda wako" na inamaanisha, kisha mteja anapiga. Kama hakuna mtu aliyepangwa kushika kazi ya mwingine, muda huo ni wa maneno tu. Likizo ya uzazi, siku 84, inaipima ofisi ya aina hii kuliko jambo lolote.

Kukua

Kwa kifupi. Kifamilia unajifunza kila kitu haraka, mpaka kufunga geti, lakini mama hakosolewi, na kijana mwenye wazo zuri anaweza kuonekana amekosa adabu. Ya kanuni inakupeleka semina na ina ngazi inayoonekana, ingawa juu ya ngazi pana msongamano. Ya matokeo inakukuza kama tayari unajua kuogelea. Anayeanza inamzamisha, kwa sababu hakuna mtu aliyekaa pembeni yake kuona kwamba mashine iko kwenye WGS 84.

Suala la shikamoo huwa linaingia hapa. Wapo wanaodhani ofisi ya kisasa ni ile vijana wanapomwita bosi kwa jina. Wangu wananiita Dada tukiwa mezani na Madam mbele ya mteja, na bado wananiambia ramani yangu ina kosa. Nilichofanya ni kuanza kikao cha Jumatatu kwa kutaja kosa langu mimi la wiki iliyopita. Wiki tatu za kwanza walikaa kimya, wakidhani ni mtego.

Nani inamfaa

Ofisi ya kifamilia inawafaa walio watu watano au sita, kazi inayofundishwa kwa kukaa pamoja, na bosi anayeweza kuambiwa hapana. Kijana anayetoka mbali, asiye na ndugu mjini, atapata pa kuegemea. Isiyomfaa ni anayetaka maisha yake yabaki yake.

Ya kanuni inafaa pale watu wanapozidi wale unaoweza kuwakumbuka majina ya watoto wao, pale ndugu wa mwenye ofisi wanapofanya kazi humo, na pale mteja ni serikali na anataka kila kitu kwa maandishi. Kijana anayesoma jioni au anayelea ataipenda. Mwenye haraka atachoka.

Ya matokeo ni ya wachoraji, waandishi wa programu, watafsiri, watu ambao kazi yao inaonekana ikiisha. Inawafaa wenye uzoefu wa miaka miwili mitatu. Kwa aliyemaliza chuo Novemba iliyopita, bado.

Kwa hali yako

Kama unaanza na watu wachache na wote ni wageni wa kazi, anza kifamilia, lakini mikataba ya maandishi na NSSF viwepo tangu mwezi wa kwanza. Kuvileta baadaye kunaonekana kama kuvunja undugu.

Kama umefika watu kumi hivi na umeanza kusikia "yule ni kipenzi cha bosi", hamia kwenye kanuni taratibu. Anza na mbili tu: ya kosa na ya ruhusa. Waandike vijana wenyewe rasimu, kwa Kiswahili, isizidi kurasa mbili. Ya msiba ongezeni kile sheria haikutaja, kwamba aliyemlea mtu ni mzazi wake. Sisi tuliandika sentensi hiyohiyo na haijatuletea shida.

Kama vijana wako wazuri wanaondoka mmoja mmoja kwenda kufanya kazi za mtandaoni za nje, usishindane nao kwa keki. Wape mtindo wa matokeo kwa siku mbili au tatu za wiki, kwa wale waliopita mwaka mmoja, na uwalipie bando. Wapya wabaki ofisini karibu na mtu.

Kama ofisi yako ina kazi ya uwandani, kama yetu, usiende matokeo kabisa kwa timu ya uwandani. Jua la Dodoma la Oktoba, gari bovu na mwenye shamba mwenye hasira vinahitaji mtu wa kupigiwa simu, na anayepokea.

Na kama wewe ndiye kijana, unafanya usaili wiki ijayo, usimuulize bosi utamaduni wa ofisi ukoje. Atakujibu vizuri. Fika dakika ishirini mapema, kaa mapokezi, piga soga na dada wa hapo au na dereva, na umuulize mtu wa mwisho kuharibu kazi hapa alifanywa nini, na kama bado yupo.